Nyumba Sitini na Moja za Kavumbuni

Kaloleni, Nairobi. Jumapili, 7 Oktoba 1984

Leo ni miaka thelathini na saba, miezi miwili na siku tatu tangu tuteremshwe kutoka Kilima cha Kavumbuni. Nafanya hesabu hii kila ninapofungua daftari jipya, na hili ni la kumi na tisa.

Serikali ya wakoloni ilitangaza kwamba kilima ni hifadhi ya maji. Tulikuwa nyumba sitini na moja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa mwaka mmoja. Watu walibeba walichoweza, lakini mama alikataa kuyabeba mafiga yake matatu. Alisema mwanamke akiondoa mafiga amehama, na yeye hakuhama, ametolewa tu. Akayaacha palepale na majivu yake.

Mke wangu Wayua alifariki mwaka 1971. Nilimzika Lang'ata, kwa kuwa hatukuwa na ardhi nyingine. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono akasema kilima kikifunguliwa nimhamishe, akalale nyuma ya nyumba ya mama. Nikamwahidi. Ndiyo sababu kaburi lake lina msalaba wa mbao hadi leo. Saruji sikutia. Saruji ni ya mtu anayebaki.

Mawingu yamekaa upande wa viwandani tangu asubuhi. Masika ya mwaka huu hayakuja kabisa, na Ukambani wanakula mahindi ya njano ya kutoka ng'ambo.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nthoki amerudi kutoka Norway. Nthoki ni mdogo wake Wayua, shemeji yangu, na ndiye mwenyekiti wa Chama cha Miche cha Kaloleni. Mimi ni katibu. Wote huniita Karani, kwa sababu ya miaka ishirini na nane niliyoandika stakabadhi katika ghala moja huko viwandani.

Chama tulikianzisha mwaka 1975, sisi wa Kavumbuni tuliotawanyika Kaloleni, Shauri Moyo na Makongeni. Mwanzoni kilikuwa cha kudai kurudi tu. Barua zetu hazikujibiwa. Kisha tukagundua kwamba anayepanda miti husikilizwa, tukaanza kupanda. Bustani yetu iko nyuma ya ukumbi wa mtaa, miche ndani ya pakiti za maziwa za pembe tatu ambazo watoto hutuletea kutoka shuleni. Mkutano mkubwa wa dunia kuhusu jangwa ulipofanyika Nairobi mwaka 1977, tulisimama nje na miche yetu, na hapo ndipo wapanda miti wenzetu wa Norway walipotuona. Tangu hapo tumealikwa katika makongamano matano, na kila mwaka mmoja wetu huenda kwao mwezi mzima na mmoja wao huja kwetu.

Safari hii alikwenda Nthoki. Alituambia kwamba kule mtu huweza kutembea siku nzima msituni asikutane na mtu. Mumina Burale, mweka hazina wetu, anayeuza vitambaa kwa jumla Eastleigh, akamuuliza kama hakuogopa. Nthoki akasema aliogopa kitu kimoja tu, kufa huko akazikwa kwenye theluji kama samaki wa kiwandani. Tulicheka mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kutazama.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mvua. Dakika arubaini. Nilisimama mlangoni kama mtoto.

Ijumaa, 19 Oktoba

Barua imekuja. Nimeisoma mara tano kabla ya kumpelekea Nthoki.

Ofisi inayosimamia hifadhi inasema hatima ya Kavumbuni itaamuliwa kabla ya mwaka kwisha. Kwa kuwa chama chetu ni cha wapanda miti na pia ni cha wenyewe walioondolewa, ofisi itafuata maoni yetu, kilima kifunguliwe kwa familia za zamani au kibaki kimefungwa. Maoni hayo wanayataka kwa maandishi, yaleyale tutakayoyasoma kwenye kongamano la mashirika ya mazingira hapa mjini tarehe 5 Desemba, mbele ya wageni wa nchi thelathini.

Nthoki alikaa kitako sakafuni. Hakulia. Alisema, "Shemeji, mwambie dada ajifunge kanga." Ndivyo tunavyomwambia mtu aliyekawia wakati safari imeiva.

Jumatano, 24 Oktoba

Tulikwenda Soko la Burma kula nyama choma, watu tisa. Nthoki aligawa kilima chote juu ya meza kwa mifupa ya mbavu: hapa kwa Kimeu, baba yake, hapa kwa Matheka, hapa kwetu. Kiilu, mwanawe, ambaye ni mchongaji wa vinyago, aliuliza fupa lake ni lipi. Mama yake akamsukumia lililo kubwa. Akalitazama akasema, "Mathee, mimi ni wa Kalole bana. Huko ushago, kilimani, nitamchongea nani twiga? Nyani?"

Tulicheka wote. Nikirudi nyumbani nilijiuliza kwa nini Nthoki alicheka kidogo kuliko sisi.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mvua kubwa. Tumepoteza miche mia mbili. Pakiti zilielea hadi barabarani.

Jumamosi, 10 Novemba

Nitaandika yote.

Mgeni wetu wa mwaka huu kutoka Norway ni Bi Astrid, mwanamke wa makamo, mtaalamu wa maji. Ameombewa kibali cha kuingia katika hifadhi kwa sababu ni mgeni. Mimi nimeombewa kibali kwa sababu yeye hajui Kikamba. Hivyo ndivyo nilivyopanda Kavumbuni leo, baada ya miaka thelathini na saba, katika gari la wageni, pamoja naye na Nthoki.

Getini askari wa msitu alinipa kitabu cha wageni. Kwenye safu ya mahali anakotoka mtu niliandika Kaloleni. Kwenye safu ya sababu ya kuzuru niliandika "mkalimani". Mwandiko wangu ni mzuri. Niliutazama nikaona aibu.

Chini ya kilima, nje ya ua, kuna mfereji unaotoka katika chemchemi. Katika mwaka huu, ambao mito imekuwa mchanga mtupu na ng'ombe wamekufa wakiwa wamesimama, mfereji ule unatoa mkondo wa maji mnene kama mkono wangu. Kulikuwa na punda wasiopungua mia, madebe mgongoni. Watu wanatoka vijiji kumi na kimoja, wengine wakilala njiani. Mwanamke mmoja, jina lake Ndanu, alituona tukishuka garini. Alituamkia vizuri, kisha akaniuliza kwa Kikamba, "Mzee, nyinyi ndio wenye kilima?"

Nilimjibu kwamba zamani tulikuwa wenyewe.

Akasema, "Tumesikia mnarudi. Mkirudi, mtatuachia maji?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza gari la mwisho linaondoka saa ngapi. Bi Astrid akataka kujua mama yule amesema nini.

Nilimwambia, "Anatusalimu."

Miaka yote ya kutafsiri katika makongamano sijapata kupindua neno la mtu. Leo nimepindua, kwenye mlango wa nyumbani.

Juu, msitu umefunga. Sikuijua njia, Nthoki ndiye aliyeijua, ingawa alitolewa akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Alitembea mbele yetu akitaja: hapa kwa Kimeu, hapa tulipura mtama, hapa dada alianguka na mtungi. Kwetu hakuna ukuta uliobaki. Lakini mafiga yapo. Matatu, meusi upande wa ndani. Mkuyu umeota kando na mzizi wake umelikumbatia moja kama mtu anayebeba mtoto.

Nthoki alipiga magoti akayapangusa majani kwa upindo wa kanga. Akaniangalia. "Mama yako alijua," alisema. "Yametungoja." Na mimi niliyashika, na yalikuwa baridi. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nasikia maji. Kutoka pale kwenye mafiga unasikia chemchemi ikishuka kwenye mawe, na ghafla nikajua kwamba sauti ile sikuwahi kuisikia nikiwa kijana.

Jumapili, 11 Novemba

Sikwenda kanisani.

Nimepitia madaftari yangu yote ya zamani kutafuta mahali nilipoandika kuhusu chemchemi. Nimeandika kuhusu maua ya migunga, harufu ya moshi wa mama, ngoma. Kuhusu chemchemi hakuna. Ukweli ni kwamba kila Septemba ilikuwa tope. Mwaka 1939 tulichimba kwa mikono, na mwaka 1944 mama aliamka alfajiri kungoja kibuyu kimoja hadi jua la saa nne. Tulilima mpaka ukingoni mwake. Tulibakiza miti ya ithembo tu, pale pa kutolea sadaka, kwa sababu ile hakuna aliyethubutu kuigusa.

Singesema kwamba nilisahau. Sikuandika.

Alhamisi, 15 Novemba

Nilianza kuandika tamko la kongamano. Nthoki ameshanipa sentensi ya mwisho: kilima kifunguliwe, na nyumba sitini na moja zirudi na kupanda miti elfu kumi. Nilimpelekea Mumina rasimu dukani kwake ili aisome kabla ya kupigwa chapa. Aliisoma akiwa amesimama, mkono mmoja ukipima kitambaa cha mteja. Kisha akaniuliza, "Mzee Karani, hawa sitini na moja ni wa mwaka gani?"

Nikamwambia wa 1947.

"Na hawajazaa?"

Inanibidi nieleze jambo hili kwa sababu kwetu ni la kawaida mno, hata hatulioni. Kila Agosti tunakutana ukumbini na mimi naita orodha ya wenye nyumba kama ilivyokuwa siku ile ya kuteremshwa. Aliye hai huitikia. Aliyekufa huitikiwa na mwanawe mkubwa, naye husema, "Yupo." Ndiyo sababu orodha haipungui wala haiongezeki. Miaka tisa nimeandika sitini na moja katika kila barua, kila ripoti, kila hotuba ya makongamano matano, na hakuna mzungu wala Mwafrika aliyeniuliza. Sikudanganya. Tulikuwa tunahesabu nyumba kama mtu anavyohesabu watoto wake waliolala.

Mumina alinikatia kipande cha kitambaa cheupe cha leso, hakutaka kuniuzia. Alisema uso wangu umelowa jasho.

Ijumaa, 16 Novemba

Nilimwambia Bi Astrid alichosema yule mama wa mferejini. Alisema angeweza kunipa vipimo vya maji, lakini hataniambia la kufanya, kwa sababu kilima si chake. Nilimshukuru kwa hilo kuliko vipimo.

Jumatatu, 19 Novemba

Vipimo: chemchemi ile inatosha watu wa vijiji kumi na kimoja, ikiwa hakuna anayelima juu yake. Mvua siku nzima.

Jumapili, 25 Novemba

Mkutano wa wanachama. Ukumbi ulijaa, na wengine walisimama nje kwenye madirisha chini ya miavuli.

Nilisimama nikasema kwamba sijamaliza tamko, kwa sababu nina jambo la kuuliza kwanza. Nikaita orodha kama kawaida, ila nikaomba kila jina likiitwa, wote wa nyumba ile ambao wangepewa kiwanja na kujenga wasimame. Jina la kwanza walisimama sita. La pili kumi na mmoja. Nilipofika jina la ishirini hapakuwa na nafasi ya kukaa wala kusimama, na watu walikuwa wakisimama huko nje, naona vichwa tu vikiinuka dirishani. Mumina alikuwa akihesabu kwa vijiti vya kiberiti. Nyumba mia nne thelathini na nane.

Kisha nikawaambia kuhusu chemchemi. Niliwaambia ilivyo sasa na ilivyokuwa zamani. Mzee mmoja alisema naota. Wengine wenye umri wangu walitazama chini, nao ndio niliowaogopa, kwa maana wanakumbuka.

Nthoki alisimama. Alizungumza taratibu, bila kupandisha sauti. Alisema walipotutoa walituambia ni kwa ajili ya maji. Kwamba leo Karani anatutoa mara ya pili kwa maneno yaleyale, tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, Wayua ulimwambia nini?"

Nikajibu kwamba nilimwahidi.

"Basi hayo ya punda na madebe yanamhusu nini?"

Nikafungua orodha upya.

Tukaamua kwa orodha, nyumba moja sauti moja, wafu kwa midomo ya watoto wao. Nthoki aliitikia kwa niaba ya baba yake. Alisema, "Kimeu yupo, na anasema anarudi nyumbani." Nikafika kwa Matheka, marehemu mume wake, ambaye Kiilu ndiye humwitikia. Kiilu alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, ina vumbi la mbao. Alijipangusa mikono kwanza.

"Matheka yupo," alisema. "Anasema kibaki kilivyo."

Mama yake hakugeuka kumtazama.

Waliosema kibaki ni thelathini na watatu. Waliosema kifunguliwe ni ishirini na saba. Jina la baba yangu ndilo la mwisho kwenye orodha. Uamuzi ulikuwa umeshapita. Ningeweza kufunga daftari. Nikasema, "Yupo. Kibaki."

Kilichoniumiza si wale ishirini na saba. Ni kwamba wengi katika wale thelathini na watatu ni vijana waliozaliwa hapa, na hawakusema vile kwa ajili ya chemchemi. Kavumbuni kwao ni wimbo wa wazee. Nilishinda kwa sauti za watu wasiokuwa na cha kupoteza.

Nje, Nthoki alinipita mlangoni. Alisema, "Umemzika dada yangu mara ya pili."

Jumatatu, 26 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 29 Novemba

Nthoki amemtuma Kiilu na mhuri wa chama ndani ya bahasha. Hakuna barua. Kiilu alisema mama yake hali chakula, na kwamba yeye mwenyewe amehamia kwa rafiki Kariobangi kwa muda. Akaniuliza kama alikosea. Nikamwambia hapana. Akasema, "Mbona basi mnakaa kama kuna matanga?"

Jumatano, 5 Desemba

Nilisoma mimi, kwa kuwa mwenyekiti hakuja.

Jumba kubwa, viti vyekundu, kila mgeni na kifaa chake sikioni. Nilisoma kwa Kiswahili na msichana mmoja ndani ya kibanda cha kioo akanitafsiri. Nilikuwa nikimtazama nikijiuliza kama naye leo atapindua neno. Nilisoma kwamba sisi, nyumba mia nne thelathini na nane za Kavumbuni, tunaomba kilima chetu kibaki kimefungwa kwa ajili ya vijiji kumi na kimoja vilivyo chini yake. Kwamba mfereji upelekwe hadi vijijini ili kina mama wasilale njiani. Na kwamba majina yetu sitini na moja yaandikwe getini, ili anayetia sahihi kitabu cha wageni ajue anaingia kwa nani.

Walipiga makofi, wengine wakasimama. Mjumbe mmoja kutoka nchi ya mbali alisema chama chetu ni mfano kwa ulimwengu. Mwingine, bwana mdogo mwenye miwani, aliuliza watu wa kilima chenyewe walisema nini, na kama wangeweza siku moja kuletwa kwenye kongamano wazungumze wenyewe.

Nikamwambia, "Ndiye mimi."

Sijui msichana wa kibanda aliyatafsiri vipi maneno hayo. Bwana yule alitabasamu akaandika kitu.

Jumapili, 9 Desemba

Bi Astrid ameondoka. Aliniachia mwaliko: Juni ijayo zamu ya Norway ni yangu, mwezi mzima. Tiketi, koti, kila kitu. Nimeuweka ndani ya Biblia. Nimewaza kwamba naweza kwenda kukaa Norway, na kwetu siwezi.

Alhamisi, 13 Desemba

Ofisi imejibu kwa mistari mitatu. Kilima kitabaki hifadhi. Mfereji watauchunguza. Majina ya getini hawakuyataja.

Jumapili, 16 Desemba

Mvua imepungua, udongo umelainika. Kiilu alikuja asubuhi na mfuko wa saruji mabegani na kibao cha muhugu alichokichonga mwenyewe: WAYUA, na miaka yake, na chini yake Kavumbuni. Tukaenda Lang'ata.

Ule msalaba wa mbao uling'oka kwa mkono mmoja. Ulikuwa umeoza chini. Kiilu alichanganya saruji. Mimi nilipanda mche mmoja wa mkuyu upande wa kichwani, nikapasua pakiti ya maziwa kwa kisu kama tulivyowafundisha watoto. Nilimwambia Wayua kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida, kwamba mafiga ya mama yapo, kwamba nimeyashika kwa mkono huu, kwamba maji yanasikika kutoka pale. Nikamwambia sitamhamisha.

Nilipoinua kichwa nilimwona Nthoki amesimama kwenye njia, mbali kidogo, na kopo la maji. Sijui alijuaje siku. Alikuja akaumwagilia ule mche, taratibu, mpaka kopo likaisha. Alilisoma lile jina kwenye kibao, akalipangusa vumbi kwa kidole. Kiilu alimsalimu, alimwitikia. Mimi hakunisalimu, nami sikumdai salamu. Tuliondoka wote watatu pamoja hadi kituo cha basi, yeye akitembea mbele.

Kila nilipofunga daftari niliandika mahali hapa idadi ya miaka iliyobaki kabla ya kurudi, kwa makisio yangu. Mwaka jana niliandika miwili.

Nina miaka sitini na mitatu. Nyumba yangu iko Kaloleni, karibu na ukumbi. Sitarudi Kavumbuni.